Vivinjari Vilivyovaa Suti

ATHUMANI: Haya, tunarekodi. Leo nimekuja na maswali manne ya kujiuliza kabla ofisi haijachagua programu: ya kusakinisha kwenye kompyuta, au ya kufungulia kwenye kivinjari kama Chrome. Nimeyaandika kabisa.

ZUHURA: Yaweke pembeni kwanza kaka, nina langu la moyoni.

ATHUMANI: Nilijua tu.

ZUHURA: Jumanne tunafungua ule mfumo wa ankara wa kwenye kivinjari, kitufe cha kutoa ankara hakipo. Jana yake kilikuwa juu kulia. Usiku wamekihamishia kwenye menyu ya nukta tatu, hawakuuliza, hawakuaga. Dada wa mapokezi ananipigia, anasema kompyuta yake imeingiliwa. Mwingine kahangaika, kabonyeza Ctrl na W akidhani anafunga kidirisha kidogo, kichupo chote kikaondoka na ankara ndefu aliyokuwa anaijaza.

ATHUMANI: Hapo kwenye W usiwaonee. Chrome imejiwekea Ctrl+W, Ctrl+T na Ctrl+N, tovuti haiwezi kuzichukua. Inachoweza ni kuomba kivinjari kikuonye kabla hujaondoka.

ZUHURA: Hakikuonya. Ndiyo maana nasema programu ya kazi isakinishwe. Toleo nililolizoea libaki mpaka mimi niseme libadilike.

ATHUMANI: Kama ipi? Nitajie unazotumia wewe.

ZUHURA: Slack na Discord za kuchati. Visual Studio Code ninaporekebisha tovuti yetu. Outlook ya barua pepe, ile mpya.

ATHUMANI: (anacheka) Dada Zuhura!

ZUHURA: Nini tena?

ATHUMANI: Hivyo vyote ni vivinjari vilivyovaa suti! Hizo tatu za mwanzo zimejengwa kwa Electron, zana ya kugeuza ukurasa wa wavuti uwe programu, iliyoanzia kampuni ya GitHub mwaka 2013. Ndani ya kila moja mna Chromium nzima, injini ile ile ya Chrome, wameficha tu upau wa anwani. Na Outlook mpya ya Windows ni ukurasa wa wavuti uliotiwa kwenye dirisha lake.

ZUHURA: Mimi nimezisakinisha, na zina ikoni. Chenye ikoni ni programu.

ATHUMANI: Fungua Task Manager hapo ulipo, ile orodha ya Windows ya programu zinazoendelea.

ZUHURA: Tunarekodi, Athumani.

ATHUMANI: Fungua. Bonyeza kimshale pembeni ya Slack, usome.

ZUHURA: Slack... Slack... Slack tena... hii nayo Slack. Haya, ziko rundo.

ATHUMANI: Mmoja mchakato mkuu, mwingine wa kuchora dirisha, mwingine wa kadi ya michoro, mwingine wa mtandao. Chrome inafanya hivyo hivyo. Ukifungua Discord umewasha injini ya pili, VS Code ya tatu. Halafu unalalamika RAM haitoshi.

ZUHURA: Sawa, ni suti. Lakini suti ina kazi yake. VS Code inafungua faili la kwenye diski yangu hata intaneti ikikatika. Kichupo chako kinaweza?

ATHUMANI: Kikiandikwa vizuri kinaweza. Google Docs unaiwekea kabisa kuhariri bila mtandao. Na Slack yako, mtandao ukikata inakusaidia nini?

ZUHURA: Inanijulisha kwamba mtandao umekata.

ATHUMANI: Imevaa na tai!

ZUHURA: Cheka. Excel je? Nayo suti?

ATHUMANI: Ile ya kusakinisha, hapana. Hiyo ni programu kwelikweli.

ZUHURA: Eeh. Laha moja ya Excel ina mistari 1,048,576. Google Sheets inakomea seli milioni 10 kwa faili zima. Jaza mistari hiyo kwa safu kumi tu, umeshapita.

ATHUMANI: Ofisi ngapi zina mistari milioni?

ZUHURA: Hata iwe moja. Ila tumeacha hoja yangu. Nauliza, nani anaamua kitufe kihame lini?

ATHUMANI: Mtengenezaji, na heri iwe hivyo. Machi 2017 Microsoft walitoa sasisho la kuziba tundu la usalama la Windows. Mei ikaja WannaCry, programu haribifu ya kufunga mafaili na kudai fedha, ikawapitia ambao hawakuliweka, mpaka hospitali za Uingereza zikafuta miadi ya wagonjwa. Ukiwaachia watu waamue, wanabonyeza "nikumbushe baadaye" mpaka kiama.

ZUHURA: Hilo ni tundu, mimi nasema kitufe. Tundu ziba usiku wa manane, sina neno. Microsoft 365 ya kusakinisha ina njia inaitwa Semi-Annual Enterprise: masasisho ya usalama yanakuja kila mwezi, mambo mapya mara mbili tu kwa mwaka. Kumbe vinatenganishika!

ATHUMANI: Kwa Microsoft. Huyo wa ankara zako, ukimtaka atunze matoleo matano, tundu moja ataliziba mara tano, na la tano atalisahau. Seva moja, toleo moja, basi. Kompyuta ikifa unakaa kwenye nyingine, unaingia, unaendelea.

ZUHURA: Na akifa mtengenezaji? Flash, kile kiongezo cha kivinjari, iliachwa mwisho wa 2020, ikaondoka na mifumo ya watu iliyoitegemea. Internet Explorer 2022, hivyo hivyo. Lakini programu ya Visual Basic 6, lugha ya mwaka 1998, bado unaikuta inafunguka kwenye Windows 11.

ATHUMANI: Inafunguka, ndiyo. Aliyeiandika kastaafu, na data ziko kwenye diski moja isiyo na nakala.

ZUHURA: Hilo ni juu ya mwenye ofisi.

ATHUMANI: Na mwenye ofisi hafanyi! Ndicho ninachosema tangu mwanzo.

ZUHURA: Basi afundishwe, asinyang'anywe.

ATHUMANI: Hapa hatukubaliani.

ZUHURA: Na mimi sisogei.

ATHUMANI: Wala mimi. Muda unasemaje?

ZUHURA: Dakika mbili. Soma basi hayo maswali yako.

ATHUMANI: La kwanza: siku ukiacha kulipa, data zako unaondoka nazo kwa muundo gani? CSV unayoweza kuiingiza kwingine, au PDF za kutazama tu?

ZUHURA: Hilo zuri. La pili?

ATHUMANI: Printa ya risiti. Kivinjari kwa kawaida kinakuletea dirisha la kuchapisha kila mteja akilipa, na kuliondoa inabidi...

ZUHURA: Printa haiishi kwa dakika moja, kaka.

ATHUMANI: Lakini ndiyo inayowaamulia wengi! Maana ukisakinisha kiprogramu cha kati ili kivinjari kiongee na printa...

ZUHURA: Tukutane wiki ijayo, jamani.