Kufua na Kusubu: Sonara Mbele ya Kompyuta

Mhadhara kwa wanafunzi wa usonara na ukataji vito, Arusha

Asalaam alaykum. Nashukuru kwa kualikwa, na nashukuru zaidi kwamba mmeniweka asubuhi, maana sonara wa umri wangu ikifika jioni macho yamekwisha kazi. Mkufunzi wenu aliponipigia simu alisema, "Mzee, njoo utuamulie: kazi ya mkono na kazi ya kompyuta, ipi bora?" Nikamwambia nitakuja, ila kesi yenyewe imefunguliwa vibaya. Washitakiwa si hao.

Kiswahili kina vitenzi viwili kwa kazi yetu, na vyote vina umri mkubwa kuliko umeme. Cha kwanza ni kufua. Leo ukitaja kufua mtu anaona beseni na sabuni, lakini mfua chuma na mfua fedha walikuwapo: unagonga, fedha inatanuka, inakuwa ngumu, unaipasha moto irudie ulaini, unagonga tena. Cha pili ni kusubu: unayeyusha, unamimina kwenye kalibu, na kilichoganda kinachukua umbo la tundu ulilolitayarisha. Neno hili asili yake ni Kiarabu, na huko nako ni kumimina. Pete, vipuli na mikufu mliyovaa humu ndani imepita njia moja kati ya hizi mbili, au zote mbili.

Sasa kompyuta imeingia wapi? Imeingia upande wa kusubu. Tena haikuchukua kazi yote ya kusubu; imekalia kiti cha mtu mmoja tu, yule aliyekuwa akichonga kwa nta umbo linaloachia kalibu tundu lake. Ziko mashine zinazoyeyusha unga wa dhahabu kwa leza, tabaka juu ya tabaka, bila nta na bila kalibu, lakini hizo ni za wenye viwanda vikubwa, na sidhani kama kuna mmoja wetu hapa atakayeinunua mwaka huu. (Kicheko.)

Kwa hiyo mtu akiniambia "pete ya kompyuta", namuuliza: ilitokaje kwenye kioo cha kompyuta ikawa dhahabu? Hapo ndipo hadithi inarudi kwenye nta, na nta ni mzee sana. Huko Mehrgarh, katika Pakistan ya leo, kilipatikana kipambo kidogo cha shaba chenye umbo la gurudumu, kilichosubiwa kwa njia ya nta miaka 6,000 iliyopita hivi. Igbo-Ukwu, Nigeria, zimechimbuliwa kazi za shaba za karne ya 9 ambazo ukizitazama unajiuliza yule fundi alikuwa na vidole vya aina gani. Waasante wa Ghana nao walisubu vijiwe vya mizani vya kupimia vumbi la dhahabu kwa njia hiyohiyo. Unachonga umbo kwa nta, unalizungushia udongo au plasta, unatia moto, nta inayeyuka na kuondoka, linabaki tundu. Unamimina. Unavunja kalibu. Ukikosea, umepoteza nta yako na kalibu yako na usingizi wako.

Mwaka 1986 Mmarekani Chuck Hull alipata hataza ya mashine inayogandisha utomvu, yaani resini, kwa mwanga, tabaka kwa tabaka. Mwaka 1998 ikatoka Rhino, programu ya kuchorea maumbo kwenye kompyuta, ambayo haikutengenezwa kwa ajili ya masonara peke yao, lakini masonara wakaipokea kama walivyoipokea tupa. Ukiunganisha hivyo viwili una mchonga nta asiyechoka. Unachora, printa inakutolea pete ya resini, unaipandikiza kwenye shina pamoja na wenzake kama maembe mtini, unaizungushia plasta, unaitia tanurini saa nyingi mpaka joto la nyuzi 730 hivi, resini inaungua, unamimina. Kuanzia hapo ni kazi ileile ya Mehrgarh.

Nami nilipoianza niliipenda mno. Nimefundishwa kwa nyundo na mjomba wangu huko Unguja, kwa hiyo kitu kinachokuruhusu kufuta kosa kwa kidole kimoja kilinilevya. Nisikilizeni nilivyoumia.

Alikuja kijana anayetaka kuoa, anataka pete ya tanzanaiti. Jiwe bado lilikuwa kwa mchuuzi, lakini tulishaambiwa ni la umbo la yai, milimeta 8 kwa 6. Programu ina ghala la mawe yaliyochorwa tayari. Nikachagua yai la 8 kwa 6, nikalijengea kichwa cha kulikalisha, nikalitia makucha manne ya kulishika, nikampelekea picha kwa WhatsApp. Picha ilimeta kuliko pete yoyote niliyowahi kuitengeneza. (Hilo nalo ni tatizo: mteja akishaona ile picha, pete halisi inaanza maisha ikiwa na deni.) Nikasubu. Jiwe likaja. Nikaliweka kwenye kipimo: 8.3 kwa 6.1. Hayo ningeyavumilia, makucha yanasogea. Kisha nikalipima kimo. Jiwe la kwenye ghala lilikuwa na kimo cha milimeta 3.6, hili lilikuwa na 4.9.

Nyie wa kukata vito mnacheka kwa sababu mnajua. Tanzanaiti inauzwa kwa karati, yaani kwa uzito, na mkataji akiona tumbo la jiwe anaona pesa, analiacha. Jiwe la kompyuta limekatwa na hesabu, hili la mtaani limekatwa na mtu mwenye kodi ya nyumba. Nilipoliweka kwenye pete, ncha ya chini ilitokeza ndani, mahali pa kidole. Bwana harusi angetoboka.

Hapo ndipo ujanja wote wa kioo ulipoisha nikarudi mezani. Nilikata kile kichwa, nikavuta waya, nikajenga kichwa kipya kirefu kwa mkono, jiwe likiwa pembeni yangu nalipima kila dakika, nikalehemu kwenye ile pete iliyosubiwa. Jiwe likawekwa mwisho kabisa, moto ulipokwisha. Tanzanaiti ina ugumu wa kati ya 6 na 7 tu kwenye kipimo ambacho almasi ni 10, na ina upande mmoja ambao ikipigwa inapasuka kama kuni iliyokauka. Moto wa ghafla haiuwezi. Najua kuna atakayeniuliza, mbona huchomwa ili itoke kwenye kahawia iwe bluu? Huchomwa taratibu, tanurini, ikiwa peke yake. Moto wa kulehemu ni kofi.

Ile pete basi, nusu imesubiwa, nusu imefuliwa. Kijana alioa. Na mimi tangu siku ile sichori kichwa cha pete kabla jiwe halijalala mkononi mwangu, hata mteja akasirike.

Lakini msiondoke mkidhani nimekuja kuisengenya kompyuta. Kuna mahali inanishinda mimi na inamshinda mjomba wangu, Mungu amrehemu. Vipuli ni mfano. Kipuli kimoja kila fundi anaweza. Kipuli cha pili kinachofanana na cha kwanza, kikitazama upande wa pili kama kwenye kioo, ndicho kilichokuwa kinatutoa jasho. Kompyuta inakigeuza mara moja. Halafu kuna uzito. Zamani fundi aliweka nta yake kwenye mizani akazidisha: mara 10 na kidogo kwa fedha, mara 15 na kidogo kwa dhahabu ya karati 18 (kwenye dhahabu karati ni usafi, si uzito). Alijua uzito baada ya kuchonga. Leo nachora, na kabla sijagusa chochote najua pete yenye sentimita za ujazo 0.4 itakuwa gramu 4 na kidogo kwa fedha ya 925 (sehemu 925 kati ya 1,000 ni fedha), gramu 6 na kidogo kwa karati 18, na ukipanda karati 22 inafika 7. Mteja ananiambia pesa aliyonayo, napunguza ndani ya pete mahali pasipoonekana mpaka hesabu ikubali. Kwa bei ya dhahabu ya leo, huo ni wema mkubwa kwa watu wa kipato chetu.

Sasa naomba wa mbele mchukue hivi viwaya viwili mpitishe. Vyote ni fedha ya 925, vyote unene wa milimeta 1. Chenye uzi mwekundu nimekivuta kwenye chamburo, kile kibamba cha chuma chenye matundu. Chenye uzi mweusi nimekichora, nikakichapa, nikakisubu. Kwa macho huvitofautishi. Kikunje kidogo tu kwa kidole gumba, halafu kiachie.

Naam. Chekundu kimerudi mahali pake kama mwanafunzi aliyeitwa na mwalimu. Cheusi kimebaki vilevile ulivyokikunja. Waya ukipita kwenye tundu za chamburo, kila tundu jembamba kuliko la kabla yake, fedha inabanwa, inajipanga, inashupaa. Ile iliyomiminwa imeganda tu ilipofikia, na mara nyingine ndani ina vishimo vidogo usivyoviona mpaka siku ya kung'arisha. Kwa mwili wa pete haina neno. Lakini kwa ukucha unaoshika jiwe, au kwa mshikizo wa kipini kinachofunguliwa na kufungwa kila siku, mimi nataka kilichovutwa. Hiyo ndiyo tofauti iliyofichwa kwenye kesi ya mkono na kompyuta: washitakiwa wa kweli ni kufua na kusubu. Mchonga nta aliyefanya kila kitu kwa mkono naye ukucha wake ni laini vilevile.

Na kuna kazi ambayo kompyuta haijaigusa, nayo ni kazi ya nyuzi za fedha. Mmeiona kwenye mapambo ya zamani ya Oman na Yemen. Fedha nyingi ya kazi zile ilitoka kwenye riale ya Maria Theresa, sarafu ya gramu 28 iliyokuwa ikipita mikononi Unguja pia, ambayo hata ikipigwa mwaka gani huandikwa 1780. Sehemu tano kati ya sita ni fedha, na wafua fedha waliiamini, wakaiyeyusha. Walivuta waya mpaka ukawa mwembamba kama uzi wa cherehani. Wakasokota nyuzi mbili pamoja, wakazilaza kidogo chini ya nyundo ili pembeni zionekane kama punje punje. Wakatengeneza fremu ya waya mnene, wakajaza ndani vijizungusho kimoja kimoja kwa koleo, vikibanana vyenyewe. Kisha wakanyunyizia lehemu iliyosagwa kwa tupa ikachanganywa na boraksi, unga wa kusaidia lehemu itiririke, wakapitisha moto mara moja. Mara moja! Ukichelewa sekunde mbili, nyuzi zote zinakuwa tone.

Unaweza kuichora kazi hiyo kwenye kompyuta, na itapendeza. Jaribu kuisubu. Fedha inaingia kwenye njia ya upana wa milimeta 0.3, inaganda kabla haijafika mwisho, unavunja plasta unakuta ua lenye petali tatu na nusu. Ukiongeza unene ili ipite, limekuwa ua la fundi seremala.

Maswali. Ndiyo, dada pale nyuma. Anauliza, mwanafunzi aanze na kipi?

Mimi ningekupa tupa, msumeno na chamburo kwanza, hata kwa miezi sita. Si kwa sababu ya heshima ya wazee. Kwenye kioo milimeta 0.8 na milimeta 1.2 zinafanana, unavuta kipanya tu. Aliyewahi kulikata kwa msumeno bamba la 0.8 likamkunjikia mkononi, akichora 0.8 vidole vyake vinakataa. Tena printa nayo inakurudisha kwenye tupa. Pete yenye kimo cha milimeta 25, ukiichapa kwa tabaka za milimeta 0.05, ina tabaka 500, na kila tabaka limeacha mstari wake. Nani atazisawazisha? Tupa haijastaafu.

Kaka hapa anauliza bei. Je, kazi ya mkono idaiwe zaidi? Inategemea mkono umefanya nini. Pete iliyochorwa mara moja na kusubiwa mara 30, gharama ya kuchora nagawanya kwa 30, na mteja namwambia wazi kwamba wako wenzake 29. Ile ya nyuzi nahesabu siku nilizokaa. Wapo wanaonunua pete za kusubu zilizoletwa kwa kilo, wakazigonga vinyundo viwili vitatu juu ili zionekane za mkono, wakaziuza kwa watalii kwa bei ya mkono. Mkitaka kujua, geuzeni ndani. Mara nyingi hawajisumbui kugonga ndani.

Naona kiwaya cha uzi mweusi kimerudi, kimekunjwa kama herufi S. Cha uzi mwekundu hakijafika. Aliyenacho asione haya, aje nacho hapa mezani. Nimekipima kwa ajili ya kipini cha mtu, na nataka kukimaliza kabla ya jioni.