Umemaliza Deni la Nyumba, Hati Iko Wapi?

Mhadhara kwa wastaafu wa utumishi wa umma, Dodoma

Mbukwenyi! Wazee wangu na mama zangu, shikamooni. Mwenyekiti ameniomba nizungumzie mambo manne kuhusu nyumba mlizouziwa na serikali. Wanaonifahamu wameshaanza kucheka, wanajua nitang'ang'ania moja. Chekeni tu, ila hati miliki za nyumba hizo hamjapata.

Nimelisema sana na leo nalirudia: katika mikataba hii mnunuzi amewekewa tarehe, muuzaji hakuwekewa. Ukifika nyumbani toa mkataba wako uusome. Utaona makato ya mshahara yanaanza lini, yanaisha lini, na ukichelewa utachukuliwa hatua gani. Sasa tafuta mahali palipoandikwa utakabidhiwa hati lini. Mikataba mingi niliyoletewa inasema "baada ya taratibu kukamilika". Taratibu za nani? Nani anazisimamia? Nenda mnadani Msalato ukanunue ng'ombe mmoja: unaondoka na risiti na kibali cha kumsafirisha. Ng'ombe! Wewe umekatwa mshahara miaka na miaka, umeondoka na barua.

Na barua hiyo ndiyo inayonikera. Kuna mama mmoja, muuguzi mstaafu. Mumewe alinunua nyumba akiwa kazini, akakatwa mpaka deni likaisha, akapewa barua ya kumaliza deni yenye mhuri mkubwa. Mzee akaipeleka stesheneri ikawekwa nailoni, akaifungia kabatini. Alipofariki, mama akaitoa kwenda nayo benki, atafute mkopo wa kumsomesha binti chuo. Yule ofisa mikopo akaisoma taratibu, akasema, "Mama, barua ni nzuri. Hati iko wapi?"

Mama akarudi kwa waliouza nyumba. Wakamwambia mnunuzi ni marehemu, hatuwezi kumwandikia marehemu hati, kalete uteuzi wa msimamizi wa mirathi. Hilo ni sawa kisheria, silipingi. Mama akakusanya ukoo, muhtasari wa kikao ukaandikwa, shemeji mmoja akagoma kusaini mpaka apewe nauli, tangazo likabandikwa, mahakama ikamteua. Akarudi na karatasi zake. Safari hii yupo ofisa mwingine, yule wa kwanza amehamishwa. Huyu mpya akafungua faili, akakaa kimya, halafu akasema: "Mama, hiki kiwanja hakijagawanywa."

Mnaelewa maana yake? Nyumba ile na za majirani zake zote zimekaa kwenye kiwanja kimoja kikubwa kwenye ramani. Ziliuzwa moja moja kabla mchoro haujarekebishwa, kabla mpima hajaja kuweka bikoni, yaani alama za mipaka, kabla kila nyumba haijapata namba yake ya kiwanja. Hati haiwezi kutoka bila ramani ya upimaji iliyoidhinishwa, na hilo mtu yeyote wa ardhi analijua hata ukimwamsha usingizini. Kwa hiyo hata mzee angekuwa hai asingeipata! Sasa mahakamani mama alitumwa kufanya nini kwanza? Mimi nadhani alitumwa ili aondoke pale mezani.

Huku nyuma, kila anaponunua umeme anakatwa kodi ya jengo, maana tangu 2021 inakusanywa kupitia LUKU. Mita inamtambua. Daftari la Msajili wa Hati ndilo halimjui.

Najua wapo wanaosema moyoni, "Wakili, serikali ni moja, nani atanifukuza?" Hakuna aliyesema utafukuzwa, mzee wangu. Utakaa mpaka ufe. Shida ni kwamba kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 uhamisho wa miliki hauna nguvu mpaka usajiliwe. Wewe umeshika mkataba na barua, miliki bado iko kwa aliyekuuzia. Benki haikukopeshi. Ukitaka kuuza, mnunuzi mwenye akili anakukimbia. Barabara ikipita hapo, wenzako wanajaza fomu za fidia, wewe unaanza kueleza historia. Na watoto wako wataambiwa waanze upya na huo mlolongo wa mama yetu.

Kuna kijana pale nyuma anasema hii ni shida ya CDA, ile Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu iliyokuwa ikigawa viwanja hapa Dodoma. Hapana, tusichanganye mambo. CDA ilivunjwa Mei 2017, kazi zake zikaenda halmashauri, na wenye hati zake za miaka 33 wakafunguliwa njia ya kupata za miaka 99. Hilo lilikuwa suala la urefu wa miliki. Mwenye hati ya miaka 33 ana hati. Wewe huna hata ya mwaka mmoja. Wala msikubali tena kuambiwa faili liko Dar es Salaam. Wizara ya Ardhi iko Mtumba, ni daladala tu.

Naona mwenyekiti anatazama saa. Haya, mengine kwa haraka. Andikeni barua ya kudai hati, ipokelewe kwa mhuri na tarehe, nakala mbaki nayo. Maneno ya mdomo pale kaunta hayahesabiki. Waulizeni swali moja tu: kiwanja changu kimepimwa peke yake, ndiyo au hapana? Ikiwa hapana, andikeni kwa pamoja nyumba zote za eneo hilo, kwa sababu upimaji utawahusu wote. Mwenye wasiwasi kwamba eneo linaweza kupewa mtu mwingine aombe zuio kwa Msajili wa Hati.

Kushtaki kupo. Serikali inapewa kwanza notisi ya siku 90, nakala kwa Mwanasheria Mkuu, halafu Mahakama Kuu. Ila madai ya mkataba yana ukomo wa miaka sita, na mkataba usio na tarehe ya kukabidhi hati utawafanya mawakili wa serikali wabishane na mimi mwezi mzima ni lini hiyo sita ilianza kuhesabiwa. Mnaona narudi palepale?

Mambo ya kodi na ushuru wa stempu nilipanga kuyasema, hayawezekani tena leo. Wenye mikataba mliyokuja nayo msiondoke, njooni meza hii ya mbele. Tuanze na wajane. Mzee mwenye kofia, hiyo uliyoshika ni risiti, kalete mkataba.