Mchicha huu umetoka wapi?

Ndugu zangu, nimeombwa nieleze kilichowafanya watu watake kununua vyakula vya kilimo hai, yaani vilivyolimwa au kufugwa bila dawa wala mbolea za viwandani, wakati wa korona. Nitaanzia gengeni.

Mnaikumbuka 2020. Mgonjwa wa kwanza hapa Tanzania alitangazwa Machi 16, na haukupita muda tangawizi na malimau vikapanda bei, sufuria za nyungu zikawa kila nyumba. Mtu ambaye miaka yote alinunua mchicha kwa kuutazama majani tu, sasa anauliza: umelimwa wapi? Ni wa Bonde la Msimbazi, kule Dar es Salaam kwenye mto mchafu? Umepigwa dawa?

Mwanasaikolojia Icek Ajzen aliandika mwaka 1991 kwamba nia ya mtu hujengwa na mambo matatu: yeye mwenyewe analionaje jambo, watu anaowajali wanalionaje, na kama anajiona analiweza. Janga liliyagusa yote matatu.

La kwanza likawa afya tupu. Tusidanganyane, habari za udongo na nyuki hazikuwa kichwani mwa mtu. Alikuwa anaogopa kufa. (Hakuna chakula kilichothibitika kuzuia kirusi kile, kiwe cha kilimo hai au kisiwe. Lakini nia haingoji maabara.) La pili mnalijua kutoka makundi ya WhatsApp ya ukoo: shangazi akishatuma ujumbe wa sauti, nani atabisha?

La tatu ndilo lililotutenga na wenzetu. Ujerumani, mauzo ya vyakula vya kilimo hai yalikua kwa takriban asilimia 22 mwaka ule, yakakaribia euro bilioni 15. Migahawa ilifungwa, watu wakapika nyumbani, na pesa ya kula nje ikahamia kwenye kikapu. Kwetu, aliyekuwa akiishi kwa hoteli na watalii alibaki bila hata hiyo ya kikapu. Nia anayo, mfuko umetoboka. Ukimhoji atakwambia "ningependa kununua", na hasemi uongo.

Halafu kuna suala la kuaminiana, ambalo mimi naliona zito kuliko bei. Afrika Mashariki tuna alama yetu ya kuthibitisha chakula cha kilimo hai, Kilimohai, tangu 2007. Naomba aliyewahi kuiona kwenye fungu la mchicha anyooshe mkono. Wawili. Ahsanteni.

Mnunuzi wetu ana alama nyingine, neno "kienyeji". Akisikia kuku wa kienyeji anaongeza pesa bila kunung'unika. Lakini kienyeji ni habari ya mbegu au uzao, na kilimo hai ni habari ya namna ya kulima na kufuga. Kuku wa kienyeji anaweza kumwagiwa antibaiotiki kwenye maji kama wa kisasa tu. Mchicha wa kienyeji unaweza kunywa maji machafu ya mto.

Kwa hiyo mwaka ule swali la "umepigwa dawa?" liliulizwa sana, na mwenye genge alijibu, "Huu? Hapana, dada, huu nakula hata mimi." Cheti kilikuwa hicho. Dada akalipa, akaondoka na fungu lake, na wiki iliyofuata akarudi kwa yuleyule.