Simu ya shangazi msiipe mashine

Assalaam alaykum. Haya, huko nyuma mnanisikia? Mnajua ntasema nini maana nshasema sana na ntasema tena mpaka mchoke: mashine ya kukupigieni simu mi siipingi, suali langu inampigia nani.

Mei 2018 Google walionesha kitu chao Duplex. Mkuu wao, Sundar Pichai, yuko jukwaani, mashine inapiga simu saluni kuweka miadi ya kukatwa nywele, na inaguna "mm-hm" kama mtu, yule dada wa saluni hana habari kama anazungumza na kompyuta. Ukumbi ukashangilia. Halafu watu wakaja juu, mbona hakuambiwa, Google wakasema basi itajitambulisha. Sasa iangalieni simu yenyewe: huduma gani, saa ngapi, jina nani, kwisha. Ya namna hiyo ipeni mashine, na anosubiri ofisi ya umeme ipokee mi ntamuombea dua.

Lakini simu zetu ndo hizo? Unampigia shangazi yuko Wete, Pemba. Shikamoo, marahaba, hujambo, watoto hawajambo, mguu wa mamaako vipi, yule mdogo wako keshapata kazi, huko mvua imenyesha, huku karafuu tumeanika zikarowa tena... dakika kumi zishakwenda, shughuli haijatajwa, na yeye kwa sauti yako tu keshajua una homa, hujalala, na mkeo mmenuniana. Ndo anauliza, "Enhe, una nini weye?" Mashine itakuletea muhtasari: mazungumzo dakika kumi, hakuna jambo. Hakuna jambo! Na jambo lote limo mle.

Vijana wanacheka, wanasema mwalimu kapitwa, mbona zamani asojua kusoma akiandikiwa barua. Sawa, lakini mwandishi akiandika maneno yako weye, na alopokea akijua kuna mwandishi kati, hakujifanya ndo weye akakaa anaguna. Mwengine ataniambia yuko bize, ana shifti hotelini Nungwi. Bwana, tuma voisi, "shangazi nakukumbuka, ntapiga Ijumaa", basi. Au mbipu, atapiga mwenyewe, shangazi gani asopiga?

Na kumpa mtu pole ya msiba kwa kompyuta, hilo hata sitaki kulijadili, tupite.

La wizi nalipitia mbio, muda unakwisha. Januari 2024 wapiga kura wa New Hampshire, Marekani, walipigiwa simu na sauti ya Biden ya kutengenezwa, Februari tume yao ya mawasiliano ikasema sauti kama hizo kwenye simu za kupigwa na mashine zinabanwa na sheria yao ya 1991. Sasa weye ushamzoesha shangazi kuzungumza na sauti yako isiyokuwa weye, siku mwizi akipiga kwa sauti hiyohiyo anaomba atumiwe pesa, atajuaje?

Kuna la Kipemba cha Micheweni, mashine itakifahamu vipi, lakini hilo mtaniuliza. Haya, suali.