Usaha Uende Maabara Kwanza

Asanteni. Mmeniita nizungumzie tiba mpya za vidonda vyenye bakteria sugu, na najua wengi mmekuja kusikia habari za virusi vinavyoua bakteria. Nitafika huko. Lakini mnaonifahamu mnajua naanzia wapi: naanzia kwenye rangi mbili.

Mtu kaungua mguu kwenye eksozi ya bodaboda. Jirani anafungua kapsuli ya rangi mbili, anamwaga unga juu ya kidonda. Unakauka, unafanya gamba la njano. Juu pakavu, chini usaha unajikusanya. Mgonjwa anarudi dukani, anauziwa kapsuli nyingine. Akifika kwetu wiki kadhaa baadaye, bandeji ina ukijani na ile harufu tamu kama ya zabibu ambayo muuguzi wa wodi ya walioungua huitambua kabla hajafungua kidonda. Ni bakteria anayeitwa Pseudomonasi. Na ampisilini, dawa iliyo ndani ya kapsuli ile, haijawahi kuwa dawa ya Pseudomonasi, tangu siku ilipotengenezwa! Unga ule umeua bakteria dhaifu na kuwaachia uwanja wale usiowagusa.

Mtaniambia hao ni watu wa mtaani, sisi tumesoma. Haya. Ni nani humu hajawahi kuandika sindano ya antibiotiki, seftriaksoni, kwa kidonda ambacho usaha wake haukufika maabara? Tunachoma siku tano, homa iko palepale, tunaongeza metronidazoli, tunabadilisha tena, yote kwa kubahatisha. Seftriaksoni nayo si ya kuitegemea kwa Pseudomonasi. Semina za UVIDA, yaani usugu wa vimelea dhidi ya dawa, tumekaa, vyeti tumepewa, na Jumatatu tunaandika dawa ileile. Hili linaniuma, na nitalisema kila nikipewa kipaza sauti.

Sasa hizo tiba. Faji ni virusi vinavyoshambulia bakteria peke yao. Faji inanasa kwenye ukuta wa bakteria, inaingiza vinasaba vyake, inazaliana humo mpaka bakteria anapasuka. Félix d'Herelle alizieleza mwaka 1917 akiwa Paris, na mwaka 1923 mwenzake George Eliava akaanzisha taasisi huko Tbilisi, Georgia, inayofanya kazi hiyo hadi leo. Kwa hiyo upya wake ni kwetu sisi tulioegemea antibiotiki. Uzuri wa faji ni kwamba inachagua. Ugumu wake ni huohuo: ya Pseudomonasi haimgusi Klebsiela, bakteria mwingine wa vidonda, na hata Pseudomonasi wenyewe haiwamudu wote.

Chukueni kisa cha Ubelgiji. Mwaka 2016 mabomu yalilipuka Brussels, na mwanamke mmoja akavunjika paja. Kidonda kikaingiwa na Klebsiela aliyeshinda antibiotiki karibu zote. Bakteria wake walipelekwa Tbilisi, wataalamu wakatafuta faji inayowamudu, wakaikuza juu ya bakteria haohao mara nyingi mpaka ikawa kali zaidi. Alipewa faji hiyo pamoja na antibiotiki karibu miaka miwili baada ya kujeruhiwa. Maambukizi yakaisha, mfupa ukaunga. Ripoti ilitoka mwaka 2022.

Halafu kuna jaribio la PhagoBurn, la Ufaransa na Ubelgiji, lililochapishwa mwaka 2019. Walioungua walipakwa mchanganyiko wa faji 12 dhidi ya Pseudomonasi, wengine krimu ya kawaida ya majeraha ya moto, silva salfadiazini. Krimu ilipunguza bakteria haraka zaidi. Mchanganyiko ule ulikuwa umepoteza nguvu baada ya kutengenezwa, wagonjwa wakapata kiasi kidogo mno kuliko kilichopangwa, na bakteria wa wale ambao haikuwasaidia walistahimili kiasi hicho kidogo.

Mnaona tofauti? Kule Brussels walimjua adui kabla ya kuchagua silaha. Sisi tunaota faji wakati hata jina la bakteria aliye kidondani hatulijui.

Najua jibu: maabara ya kuotesha bakteria haipo kituoni. Hospitali za rufaa zinaotesha, na sampuli husafiri. Nendeni siku moja mkaangalie lile dishi. Bakteria wamepakwa juu ya jeli, vijikaratasi vyenye dawa vimepangwa juu yao. Dawa inayoweza imezungukwa na duara safi. Dawa iliyoshindwa, bakteria wameota hadi ukingoni mwa karatasi yake. Ukiliona kwa macho hutaandika tena kwa mazoea.

Naoneshwa saa, basi niharakishe. Asali: ndiyo, kwa majeraha ya moto yasiyo ya kina ina ushahidi mzuri, lakini ile ya hospitali, iliyopigwa mionzi kuua mbegu za bakteria, si ya chupa ya sokoni. Funza waliofugwa kitaalamu: Marekani iliwaidhinisha mwaka 2004, wanakula nyama iliyokufa na ule utelezi ambao bakteria hujificha ndani yake. Wanasafisha haraka, lakini kwamba kidonda kinapona haraka zaidi, hilo halijathibitika. Plasma baridi, ile gesi yenye chaji ya umeme inayopulizwa kidondani, naiacha.

Swabu, kile kijiti cha pamba cha kuchukulia sampuli, siiachi. Osheni kidonda kwanza kwa maji ya chumvi ya hospitali, msifute usaha wa juujuu. Bonyezeni swabu kwenye nyama hai mpaka majimaji yatoke, ikiwezekana kabla ya dozi ya kwanza. Na kwenye fomu andikeni kidonda kiko wapi, kina muda gani, na mgonjwa ametumia dawa zipi, za dukani pia. Fomu iliyoandikwa "usaha" tu hainisaidii.