Moto Mdogo, Karibu na Mdomo

Mhadhara kwa wakaushaji samaki na mafundi wa kuchomelea, Ngamiani, Tanga

Asalaam aleikum, na hamjambo nyote. Naona mama zangu wa samaki mmekaa mbele, na mafundi mmejibana mlangoni penye upepo. Sawa tu, nusu ya maneno ya leo ni yenu huko huko mlangoni.

Kabla sijaanza, mama hapo mbele nishikie hii glasi ya maji. Natia peleti tano, vijiti vya unga wa mbao tutakavyochoma leo badala ya kuni. Usizikoroge, usizitikise, kaa nayo tu. Tutakuja kuiuliza.

Sasa niseme aibu yangu. Siku ya kwanza kupata kiroba cha peleti nilifungua sanduku la moto la pipa langu la moshi, lile la ubavuni, nikamwaga kama kilo mbili juu ya wavu, nikatupia makaa mawili ya moto, nikafunga. Moshi ukatoka mweupe, mzito, unajikokota. Nikafurahi! Nikajiambia moshi mwingi ndiyo kazi yenyewe. Ndani mlikuwa na vibua vya wifi yangu, beseni zima. Vikatoka vyeusi, vinanata, ukionja ulimi unakufa ganzi. Wifi hakusema neno. Akavipeleka uani kwa paka. Paka wakanusa, wakaenda zao.

Kosa langu halikuwa peleti. Kuni ukizipanga, baina ya gogo na gogo pana njia, na bomba la moshi upande wa pili wa pipa linavuta hewa lenyewe. Peleti ni unga wa mbao ulioshindiliwa ukawa vijiti vya unene wa milimita 6 au 8. Hazina gundi: joto la kushindilia linalainisha lignini, ile gundi ya asili iliyomo ndani ya mti, na ukipoa unga umeshikana. Ukizimwaga zinalaliana kama mchele kwenye pishi, hewa haina pa kupita. Kitu kikipata joto bila hewa hakiwaki, kinafuka. Na ule moshi wa kufuka ndio uliompa wifi hasara.

Kwa hiyo peleti zinataka zije kidogo kidogo, na zipulizwe. Huko Oregon, Marekani, miaka ya 1980, Joe Traeger alitengeneza jiko la kuchomea nyama kwa akili hiyo hiyo: pipa dogo la kuhifadhia peleti, parafujo inayozisukuma, bakuli lenye matundu, na feni. Ukifungua majiko ya peleti ya leo, mengi utayakuta na vitu hivyo hivyo vinne.

Kwetu tuna pipa la lita 200 lililolazwa, na sanduku ubavuni. Mtu anachomoa wavu wa kuni, anaweka bakuli la peleti katikati ya sanduku, anawasha, kisha analalamika kwamba pipa halipati joto. Mimi pia nililalamika. Kipimo kiligoma kwenye nyuzi 70 mchana kutwa. Hesabu yake ni hii: kilo moja ya peleti ina nishati ya kama megajuli 17. Ukichoma kilo moja kwa saa, una moto usiofika hata kilowati 5. Moto wa magogo ndani ya sanduku kubwa ni mara mbili au tatu ya huo, ndiyo maana lile sanduku lilichongwa kubwa vile. Ukiweka moto mdogo kwenye nyumba kubwa, unapasha kuta za sanduku na upepo wa Sahare.

Basi sogeza bakuli. Lilete shubiri moja kutoka kwenye ule mdomo wa kupitisha joto baina ya sanduku na pipa. Nyuma yake jenga ukuta wa matofali ya kuchoma, sanduku libaki nusu. Sikubadilisha kitu kingine, na pipa lile lile likapanda hadi nyuzi 110. Mkikumbuka neno moja tu leo, mkumbuke shubiri hiyo.

Kisha ziba nyufa. Pipa la kuni huwa linavuta, kwa hiyo penye ufa hewa inaingia na haimdhuru mtu. Ukitia feni, pipa linasukuma, na moshi unatokea kila penye ufa, pamoja na usoni kwako. Bomba la moshi liache wazi kabisa. Sisi watu wa Tanga tunajua msemo wetu, waja leo waondoka leo, na tunajua kwamba waja wenyewe hawaondoki. Moshi ndio mgeni pekee ambaye lazima aondoke kweli. Akilala ndani ya pipa, samaki wanachacha uchungu.

Mafundi, sogeeni. Bakuli litoke kwenye bomba la chuma la inchi 4, unene milimita 3 au zaidi, matundu ya milimita 5 ubavuni chini. Msitumie mabati wala bomba la maji lenye rangi ya fedha. Ile fedha ni zinki, inayeyuka kwenye nyuzi 419, na moshi wake unaumiza mafundi kwanza kabla ya mlaji. Parafujo mnaweza kuizungushia wenyewe, nondo nyembamba juu ya bomba. Nimeona mtu katumia ya mashine ya kusagia nyama. Ni fupi, lakini inafanya kazi. Mota ya waipa ya gari inatosha nguvu, ila ina haraka kupita kiasi, mizunguko arobaini na kitu kwa dakika wakati majiko ya kiwandani yanatambaa na miwili hivi. Ipe relei ya muda, swichi inayowasha na kukata yenyewe: isukume sekunde mbili, ipumzike, isukume tena. Betri ya pikipiki inaiendesha yenyewe na feni ya kompyuta. Feni ikae mbali, ipulize kwa bomba, ni plastiki ile. Kile kijiti cha umeme cha kuwashia cha majiko ya Marekani kinakula wati mia kadhaa, betri yenu itakata roho, kwa hiyo washeni kwa kaa la moto. Makaa hatuna uhaba nayo.

Mdomo wa parafujo uwe juu ya bakuli, peleti zidondoke. Za kwenye parafujo zikigusana na zinazowaka, moto unapanda parafujo kurudi nyuma hadi kwenye ghala la peleti. Ukizima, simamisha parafujo kwanza, feni iache ipulize mpaka bakuli liishe.

Hapo kwenye kuzima nina ushahidi. Siku moja moto ulizimika mimi nikiwa kwenye simu, parafujo ikaendelea kulisha. Bakuli likafurika juu ya kaa hai, pipa likajaa moshi mweupe. Nikafungua mlango wa sanduku niangalie. Hewa ikaingia, moshi wote ukashika kwa mpigo mmoja. Bum! Nyusi hizi mnazoziona ni za awamu ya pili. Ukiona moshi mweupe mzito, usifungue mlango wowote. Kata parafujo, acha feni, simama pembeni usubiri.

Mama mmoja ameniuliza pale nje, kwa nini tujisumbue, si kuni zipo? Mikoko inalindwa, mnajua. Serikali nayo ina mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wamefika huko. Lakini mimi sababu yangu ni macho yangu. Moto wa magogo unataka uukalie usiku kucha. Huu unakuacha uparue samaki wengine.

Ladha nisiwadanganye: peleti zikiwaka vizuri zinatoa moshi mdogo. Mteja aliyezoea samaki wa magogo atasema huyu kapita tu karibu na moto. Dawa yake ni kikopo cha vipande vya mwembe mkavu kando ya bakuli, vifuke polepole saa ya kwanza, wakati samaki bado ana unyevu wa kushika moshi. Baada ya hapo ni joto tu. Nyama ya katikati ifike nyuzi 63 na ikae hapo nusu saa. Nunueni kipimajoto cha kuchomeka ndani ya nyama, msitegemee rangi ya ngozi.

Na maranda? Najua kuna anayewaza mitiki ya Longuza, pale Muheza, maranda tele, tushindilie wenyewe. Mtiki una mafuta yake, vumbi lake linawasha pua na ngozi za maseremala, mimi siukaushii samaki. Msindano una utomvu, masizi matupu. Maranda ya gereji ya fanicha ndiyo mabaya kuliko yote, yamechanganyika na mbao zilizotiwa dawa, plaiwudi na vanishi. Hayo hata paka wa wifi msiwapelekee.

Haya, mama, ile glasi. Inueni waone wa nyuma. Peleti ziko wapi? Hakuna, ni uji. Hatujamaliza hata kuongea. Zilikuwa na unyevu chini ya asilimia 10 zikitoka kiwandani, na pwani hii hewa yenyewe ni nusu maji. Kiroba ukikiacha wazi wiki ya masika, uji huu unaganda ndani ya parafujo, na kuutoa ni patasi na nyundo, nimeshaupiga mpaka mkono ukavimba. Ndoo ya rangi yenye mfuniko, tafadhali, na kila jioni rudisheni zilizobaki.

Kaa liko tayari pale nje. Aliyevaa khanga ndefu aifunge vizuri, tutoke.