Nyumba ya mizuka gerejini: tunatengeneza wenyewe kwa chini ya dola 40

Hamjambo jamani, karibuni gerejini kwangu, hapa Columbus, Ohio. Gari nimelitoa nje, nimefagia, na vitu mnavyoviona juu ya meza hii ndivyo tutakavyotumia leo. Halloween ni tarehe 31 Oktoba. Mtaani kwetu watoto hupita milangoni kuomba peremende kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa mbili usiku, na wenyeji wa huku usiku huo wanauita Beggars' Night, yaani usiku wa waombaji. Najua wapo kati yetu ambao kwa imani yao hawaigusi kabisa sikukuu hii, nami nawaheshimu. Hii nimeirekodi kwa ajili ya mzazi ambaye watoto wamerudi shule wakamwambia, "Mama, na sisi tufanye nyumba ya kutisha," akaenda dukani akakuta mzuka mmoja wa plastiki unauzwa bei ya viatu vya watoto wote watatu.

Uache hukohuko dukani. Huu ni mwaka wangu wa sita, na kila mwaka naona jambo lilelile: kinachomtisha mtu ni kile ambacho macho yake hayajakipata vizuri. Kwa hiyo hela kidogo uliyo nayo itie kwenye giza na taa. Vitu vyenyewe vingi tutaviokota.

Tunaanza na mawe ya makaburi, kwa sababu yana kazi ya kukauka. Hii nyeupe niliyoshika ni stairofomu iliyokuja ndani ya boksi la televisheni, jirani alikuwa anaitupa. Inafaa, ila hupukutika chembechembe ukiikata. Ukitaka kitu kizuri zaidi, maduka ya vifaa vya ujenzi yana mbao za foamu za kuzuia baridi ukutani, za waridi au za bluu, futi 4 kwa futi 8. Ukipima jiwe lako inchi 16 kwa inchi 32, ubao mmoja unatoa mawe 9 bila kubakiza kitu.

Chora umbo kwa kalamu ya wino mzito. Kata kwa kisu chenye wembe mpya, maana wembe butu hauikati foamu, unairarua. Usikandamize, pitisha mara tatu, taratibu. Ukishakata, mega kona mbili hivi kwa vidole, halafu piga msasa kingo zote. Jiwe lililonyeshewa miaka mia moja haliwezi kuwa na kona kali.

Maandishi tunayachonga kwa kalamu ya wino iliyoisha. Andika, rudia juu yake ukikandamiza zaidi, rudia tena, mpaka mfereji uingie ndani kama upana wa punje ya mchele. Na hapa nina ombi. Mimi ni mtu wa Tanga, nimelelewa kupita kaburini kwa adabu. Usiandike jina la mtu uliyemjua, usichore msalaba wala mwezi na nyota. Huwezi kujua nani atasimama hapo na mtoto wake akiwa amezika mwezi uliopita. Sisi tunaandika majina ya kubuni tu, na mwaka huu binti yangu ameamua mawe yote ni ya wanasesere wake wa zamani.

Sasa rangi. Sikilizeni vizuri hapa. Tumia rangi ya maji, ile ya kupaka ukutani ndani ya nyumba. Mwaka wangu wa kwanza nilichukua rangi ya kopo la kupuliza nikaielekeza moja kwa moja kwenye stairofomu, nikaona uso wa jiwe unazama na kutoboka mbele ya macho yangu kama biskuti iliyochovywa kwenye chai. Vimiminika vya ndani ya kopo hula foamu. Jiwe lile nililitupa. Siku hizi natumia kasoro hiyohiyo kwa makusudi: natoka nje penye hewa, nasimama mbali kiasi cha mkono ulionyooshwa, napuliza mara moja tu kwa haraka, kisha naacha. Vinatokea vishimo vidogo kama vya jiwe la matumbawe. Hapo ndipo napaka rangi ya maji.

Tabaka la kwanza la rangi ni kijivu cheusi, jiwe zima, mpaka ndani ya herufi. Acha likauke usiku mzima, ndani ya nyumba. Gerejini kwa baridi ya Oktoba litabaki linanata hadi kesho kutwa. Likikauka, chukua kijivu cheupe. Chovya ncha ya brashi, halafu ifute kwenye kipande cha boksi mpaka uone kama haina rangi tena. Sasa pitisha juu juu. Nasogeza kamera, angalieni: rangi inashika kwenye vipele tu, vishimo na herufi vinabaki vyeusi. Dakika moja iliyopita hii ilikuwa foamu iliyopakwa rangi, sasa mtu akiipita ataigonga kwa ukucha kujua kama ni jiwe. Malizia kwa kijiko kimoja cha rangi nyeusi kwenye kikombe cha maji, weka kwenye chupa ya kupulizia, puliza ukingo wa juu na uache maji yatiririke yenyewe. Hayo ndiyo madoa ya mvua.

Nyuma bandika vipande viwili vya bomba jembamba la plastiki kwa gundi ya ujenzi iliyoandikwa kwamba inafaa kwa foamu. Gundi ya bastola, ile inayoyeyushwa kwa joto, ikiwa ya moto sana inayeyusha foamu, tutaiweka kando. Mabomba hayo yatavishwa kwenye vigingi vilivyopigwa ardhini. Bila vigingi, upepo utayapeleka makaburi yako kwa jirani.

Tuje kwa mzuka wenyewe. Unahitaji chupa ndefu, baluni, waya wa kutundikia nguo na shashi, kile kitambaa chepesi chenye matundu, yadi tatu hivi. Baluni juu ya chupa ndicho kichwa, waya uliokunjwa ndiyo mikono. Changanya gundi nyeupe ya shule na maji, nusu kwa nusu. Tumbukiza shashi, ikamue kidogo, itandaze juu ya hilo umbo na uiache ianguke inavyotaka. Kwa wale waliowahi kutia wanga kanzu ya Idi, ni jambo lilelile, na hata wanga wenyewe unafaa kama gundi huna. Siku ya pili toboa baluni, toa chupa na waya. Mzuka unasimama peke yake, ndani ni mtupu. Utundike kwa mshipi wa kuvulia samaki, ule mwembamba usioonekana, na feni ndogo iwe mbali inapuliza pole.

Kabla ya kuitia gundi, mimi shashi huifua kwanza kwa sabuni ya unga ya kawaida. Sabuni nyingi za kufulia zina kemikali za kung'arisha nguo nyeupe, na kemikali hizo zikimulikwa na taa ya UV, ile ya mwanga wa zambarau, zinawaka rangi ya bluu. Taa yenyewe si ghali, na moja inatosha gereji nzima. Na mkiwa nayo, jaribuni hili pia: mimina maji ya toniki kwenye chupa safi ya jemu. Yanawaka bluu kama ya peponi, kwa sababu ndani yake mna kwinini. Ndiyo, ileile kwinini chungu ya malaria waliyomeza bibi zetu. Panga chupa nne kwenye rafu, ndani yake tumbukiza mikono ya mpira na wanasesere wasio na vichwa. Watoto wakubwa ndio wanaosimama hapo muda mrefu kuliko popote.

Fuvu na mifupa ya plastiki ya duka la vitu vya bei rahisi huonekana kama sabuni, nyeupe na inang'aa. Ifunike kwa karatasi za chooni zilizolowa gundi na maji, kipande kwa kipande, uikunje kidogo kwenye mashavu na mbavu. Ikikauka, paka kahawa nzito uliyoichemsha bila sukari, mara mbili, na mara ya pili izidi kwenye macho na katikati ya meno. Kazi hii waachie watoto. Hawawezi kuiharibu, kadiri wanavyochafua ndivyo ngozi inavyozeeka.

Utando wa buibui weka ndani tu. Ukiutandaza nje kwenye miti, ndege hunasa humo.

Sasa kitu ninachokipenda kuliko vyote, na hakina gharama. Nyumba za namna hii zilienea Marekani miaka ya 1930, wakati wa ule mdororo mkubwa wa uchumi. Vijana walikuwa wakifanya fujo na uharibifu usiku wa Halloween, na wazazi wasio na hela wakatafuta namna ya kuwaweka ndani. Wakazima taa kwenye vyumba vya chini, wakatundika manyoya ya makoti makuukuu na vipande vya maini mabichi ukutani, na kutoka darini wakaning'iniza sponji zilizolowa maji na nyavu za nywele zikigusa uso wa anayepita. Mtoto akapapasa gizani. Basi. Sisi maini tunaacha, lakini sponji tano na nyuzi za deki kuukuu zilizolowa zinaning'inia hapa mlangoni, usawa wa shavu la mtoto wa miaka kumi. Hao wadogo watapita chini yake.

Giza lenyewe linataka maandalizi. Tarehe 31 Oktoba hapa jua linatua kama saa kumi na mbili na nusu, kwa hiyo wageni wa kwanza wanafika bado kweupe. Ziba vidirisha vya mlango wa gereji kwa maboksi, na pale penye nyufa piga tepu nyeusi. Kisha taa: ya UV juu ya mzuka, moja ya kijani sakafuni ikimulika fuvu kutoka chini, na zaidi ya hapo hakuna. Piga magoti, uende njia nzima kwa magoti, kwa sababu macho ya mgeni wako yapo huko chini. Utaona nyaya, utaona miguu ya meza, utaona balbu inayoumiza. Rekebisha.

Na moto. Tarehe 11 Mei 1984 jumba la kutisha kwenye bustani ya burudani ya Six Flags Great Adventure, New Jersey, liliungua, wakafa vijana 8. Halikuwa na mfumo wa kunyunyizia maji, na ndani mlikuwa na foamu. Foamu kama hii niliyoikata mezani. Ndiyo maana mawe yangu yote yanakaa nje uani, na ndani hakuna mshumaa wala kiberiti, hata ndani ya boga. Taa za betri tu. Hita ya kupasha joto nayo isiingie, hata baridi ikizidi. Mlango mkubwa nauacha wazi nusu nyuma ya pazia, na mtungi wa kuzimia moto upo pale pale ninaposimama mimi.

Mwisho, kila mtoto akifika mlangoni nampa kijiti cha plastiki kinachotoa mwanga bila moto, vile vya kuvunja. Namwambia akiona hofu imezidi akiinue juu. Kikiinuka, binti yangu anavua barakoa, anawasha tochi, anamshika mkono mpaka nje kwenye peremende. Mwaka jana walikiinua wanne, na mmoja wao akarudi foleni tena.